Upande wa Dirisha

Kila Juni ikiishia, nahama nyumba yangu.
Nabeba mto, redio, dawa za presha,
na picha ya Krsto, uso wake kifuani pangu
asije akaona ngazi zinavyonitetemesha.
Hatua kumi na saba,
hadi banda la mashua lisilo na mashua.
Hiyo ndiyo likizo yangu.
Jele, jirani, hunichungulia juu ya ukuta:
"Stana, mwaka huu umekwenda mbali?"
Mbali, namwambia. Huku maji yanasikika.

Juu, chumbani mwangu, wanafungua madirisha
na kupiga ukelele kwa lugha nisizozijua,
ila ukelele ni ule ule:
mlima umesimama wima ndani ya ghuba
kama mtu aliyeingia kuoga na nguo zake,
akahisi baridi, akasahau kutoka.
Wanaupiga picha.
Mimi huu mwaka wa sabini na moja
naukuta hapo kila nikianika shuka,
na wakati wa baridi hunizimia jua saa nane mchana
bila hata kuniomba radhi.

Asubuhi nawapandishia tini, jibini, kahawa ya kuchemsha.
Huchoki na uzuri huu? wananiuliza kwa mikono.
Mgeni siku mbili, ya tatu...
nakumbuka bili ya umeme, nanyamaza,
naongeza tini.

Siku ya meli kubwa, ghuba yote huzibika.
Ghorofa kumi na mbili zinapita polepole mbele ya kanisa,
watu wenye glasi wanatupungia,
na Jele huwapungia tambara la kupigia deki.

Krsto alipanda meli za namna nyingine,
za makaa, za ngano.
Santos aliijua kwa harufu ya magunia,
Rotterdam kwa mvua na lango la bandari.
Bandari arobaini,
na hakulala usiku mmoja katika mji wowote.
Alipostaafu alivua viatu, akasema:
sasa na mimi naenda likizo.
Akalala upande wa dirisha.
Miaka tisa. Godoro likamjifunza:
bega, nyonga,
goti lile lililokataa kukunjika.

Agosti iliyopita, katika daftari la wageni,
chini ya moyo uliochorwa na mtoto,
mtu aliandika kwa mwandiko mzuri sana:
Mandhari ya peponi. Mwenyeji mkarimu.
Godoro limebonyea upande wa dirisha.
Spiro, mwanangu, ndiye aliyenitafsiria.
Mstari wa mwisho aliupitia mbio,
kama mtu anayeruka dimbwi.

Wiki ile ile godoro jipya likapanda ngazi
mgongoni mwa vijana wawili, limevaa nailoni.
La zamani walikuwa wanalipeleka penye mapipa.
Nikasema: lishusheni kwangu.
"Mama, lina miaka thelathini."
Lishusheni.

Sasa kule juu wanalala sawasawa,
na daftarini wanaandika vizuri.
Paa limezibwa. Jino langu la mbele limerudi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone: sibishi, nimepona
hapa na pale.

Lakini Oktoba,
upepo ulipoanza kushuka mlimani
na mvua yetu ikaanza kuhesabu vigae,
Spiro alikuja kunirudisha nyumbani.
Nilipanda. Nikalala katika kitanda cha hoteli,
ndani ya nyumba niliyoolewa,
nikateleza usiku kucha kama yai kwenye sahani.
Saa tisa nikachukua mto na redio,
nikazihesabu zile kumi na saba gizani,
nikalala ukingoni mwa lile bonde dogo.
Sikuingia.
Niliweka mkono tu,
kama mtu anayejaribu maji
kabla hajaamua kuoga.